Uniti za LUKU zinakwenda wapi?

SWALI: Mhariri, nyumbani kwetu Kimara, Dar es Salaam, tumeweka balbu za LED kila chumba, lakini uniti za LUKU zinaisha kwa kasi ileile. Mume wangu naye huenda kazini Posta peke yake kwa gari. Tupunguze nini kwanza?
Msomaji, Kimara

JIBU: Ndugu msomaji, balbu zenu hazina kosa. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku hutumia uniti 0.045 tu, ilhali hita ya bafuni ya wati 4,500, ile inayopasha maji papo hapo, ikitumika kwa dakika 20 kwa siku humaliza uniti moja na nusu, yaani umeme ambao ungetosha kuiwasha balbu hiyo kwa zaidi ya mwezi mmoja. Kwa joto la Dar es Salaam, sioni sababu ya kuiwasha hita hiyo kila siku. Kagueni pia mpira wa mlango wa friji, kwa maana ukilegea, hewa ya joto huingia na mota hufanya kazi bila kupumzika.

Kuhusu safari, mabasi ya mwendokasi yanatoka Kimara hadi Kivukoni tangu mwaka 2016, na ingawa msongamano wa asubuhi vituoni unachosha kwelikweli, basi moja lililojaa hubeba watu ambao wangejaza magari mengi barabarani. Siku atakayolazimika kuendesha, apime upepo wa matairi yakiwa yamepoa, kwani tairi lililopungua upepo huongeza matumizi ya mafuta, na azime injini anapomsubiri mtu.