Jina la babu wa Frere Town si ukoo wake

SWALI: Babu mzaa babu yangu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukaa Frere Town, Mombasa, miaka ya 1870. Tumebaki na jina lake la Kiingereza tu. Kijana mmoja mtandaoni ametupatia ukoo wa Uingereza wenye jina hilo hilo, na anataka tumlipe atuchoree shajara nzima ya nasaba. Pia tungependa kujua kabila letu. Tuanzie wapi? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Ndugu msomaji, msimlipe. Barua za namna hii nazipokea kila mara. Majina hubadilika, kosa ni lile lile: watu hushika jina la ubatizo wakadhani wameshika damu.

CMS, shirika la wamisheni wa Kianglikana wa Uingereza, ilipoanzisha Frere Town mwaka 1875 iwe makazi ya watumwa waliokombolewa, wengi wa waliokaa pale walikuwa ama Wabombay, ama mateka. Wabombay ni wale waliotekwa utotoni, wakaokolewa baharini, wakasomeshwa Sharanpur, karibu na Nasik kule India, kisha wakarudishwa pwani. Mateka walishushwa moja kwa moja kutoka majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza. Wote walipewa majina na wageni. Watazameni Jacob Wainwright na Matthew Wellington, waliokuwamo katika msafara uliobeba maiti ya David Livingstone hadi pwani. Wote wawili ni Wayao waliolelewa Nasik. Wellington alifia Mombasa mwaka 1935, na hana udugu wowote na akina Wellington wa Uingereza. Kuunganisha familia yake na ukoo ule ni kumfuta mama aliyemzaa huko bara.

Tena jina lenyewe halikutulia. Mtoto aliweza kuchukua jina la kwanza la baba yake likawa ndilo jina lake la mwisho, na ndugu wa tumbo moja wakatokea kuandikwa tofauti. Kwa hiyo msitafute jina peke yake. Tafuteni mwaka wa ubatizo, mke, mashahidi wa ndoa, wadhamini wa watoto. Jina likipotea, mashahidi wale wale hukurudisha kwenye nyumba ile ile.

Kuhusu kabila, nendeni polepole. Nimekaa na vitabu vya ubatizo vya zama hizo, wino umefifia ukawa rangi ya chai, na ukishuka na safu ya kabila unasoma: Nyasa, Yao, Nyasa, Makua, Nyasa. Msidhani Nyasa hapo ni kabila moja. Mtoto aliulizwa kwao ni wapi, akataja ziwa, au mkalimani akamtajia. Chini ya neno hilo wamo watu wa lugha nyingi, waliopitishwa njia moja ya misafara hadi Kilwa. Umri nao ulikisiwa kwa macho, kwa hiyo mwaka wa kuzaliwa msiuamini sana.

Anzeni kwa wazee wenu, wakiwa hai bado. Waulizeni kama babu alipata kukaa Rabai, maana huenda hakuwa mateka bali mtoro, yaani mtumwa aliyemkimbia bwana wake akajificha misheni: tarehe 1 Januari 1889 watoro karibu 1,400 wa Rabai na misheni jirani walipewa hati za uhuru baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Kisha ulizeni vitabu katika kanisa la Emmanuel pale Frere Town. Barua za wamisheni wa CMS zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, na zipo zinazotaja watu wa kawaida kwa majina.

Hawa wauza shajara wananikera kwa sababu makosa yao hayafi. Mmoja anabandika jina, wa pili ananakili, na baada ya miaka michache watoto wanasomeshwa kwamba asili yao ni Uingereza, au Uajemi, kutegemea mteja alitamani nini. Nimeona familia mbili zikivunja uchumba kwa udugu uliotungwa namna hiyo. Anayekuuzia ukoo, mwambie akuonyeshe picha ya ukurasa: kitabu gani, mwaka gani, mstari wa ngapi. Asipokuwa nayo, usimtumie hata senti ya malipo ya awali.