Swali la lugha: walitengwa au walitengewa?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa Goma, mtaa wa Ndosho, ananiuliza: «Mzee, niliwasomea watoto habari ya Bwama, kisiwa cha Ziwa Bunyonyi nchini Uganda, walikokaa wenye ukoma kuanzia 1931. Niliandika ubaoni: "Wakoma walitengewa kisiwa." Mtoto mmoja akaandika "walitengwa kisiwani", nikamkata nusu alama. Je, nilikosea? Halafu, ukoma umetokana na kukoma?»

Nianze na la mwisho, ni jepesi. Maneno kufanana sauti si ushahidi kwamba ni ndugu. Huko pwani kuna mti unaoitwa mkoma, wa jamii moja na mitende, na matunda yake watu wanakula. Anayekuambia ugonjwa uliitwa hivyo kwa sababu vidole «vinakoma», mwombe akueleze na mti.

Sasa hilo la «walitengewa». Mwalimu, umenitonesha donda. Kila nikifungua redio nasikia mtu ametengewa: wenye kukimbia vita wametengewa uwanja wa mawe ya volkano, mama wauza mboga wametengewa pembe ya soko isiyopitwa na mtu. Kauli ya kutendea ni ya kumpa mtu kitu au kumfanyia jambo. Haikuumbwa iwe sabuni ya kuoshea mikono ya wakubwa.

Tazama. Narudi nyumbani usiku, nakuta mke wangu amenitengea sambaza, wale samaki wadogo, na bugali, amefunika sahani vizuri. Nimetengewa, namshukuru. Siku nyingine amekasirika: mlango umefungwa, sambaza wameisha, nami nimejikunyata barazani na baridi ya ziwa. Hapo nimetengwa. Mume ni yule yule, samaki ni wale wale wa Kivu. Kilichopungua ni irabu moja na chakula chote. Je, jirani akipita atasema «mzee ametengewa baraza»? Akisema hivyo, ananicheka, na kesho mtaa mzima utanicheka.

Basi wenye ukoma ndio waliochekwa hivyo. Sheria ya Hawaii ya 1865 iliruhusu wakamatwe, na kuanzia 1866 wakapelekwa Kalaupapa, rasi ya kisiwa cha Molokai yenye bahari pande tatu na majabali nyuma. Watu kama 8,000 walipelekwa huko, mke akiacha mume, mtoto akiacha mama, hadi utaratibu huo ulipofutwa mwaka 1969. Robben Island ya Afrika Kusini, kabla ya kujulikana kwa wafungwa wa siasa, iliwafungia wenye ukoma kuanzia 1846 hadi 1931. Japani ilifuta sheria yake 1996 tu, wakati dawa za kuponya zilikwisha kupatikana zamani. Mwanafunzi wako akisoma hayo, atafute wapi sahani iliyofunikwa?

Kule Kalaupapa kuna mmoja anayestahili kitenzi kingine. Padri Damien, Mbelgiji, alikwenda 1873 kwa hiari yake, akaambukizwa, akafa 1889. Huyo alijitenga. Wagonjwa aliowakuta walitengwa. Kiambishi «ji» kinabeba maisha mazima ya mtu, nasi tunakirusha ovyo.

Kuhusu Bwama yenyewe nitalegeza kidogo, kwa shingo upande. Daktari Leonard Sharp alijenga hospitali huko, na wagonjwa walikuwa na nyumba na kanisa. Ukisema «kisiwa kilitengwa kwa ajili yao», sawa, kilichotengwa hapo ni ardhi, na ardhi haina uchungu. Ila usisahau kuuliza nani aliwafanya wahitaji kisiwa.

«Leprozeri», yaani makao ya wenye ukoma, iache, imeshazoeleka midomoni mwetu. «Mkoma» ndilo silipendi, kwa sababu ya sarufi tu: nomino haina wakati uliopita. Mtu akimeza dawa zake miezi 6 au 12, tena za bure, anapona; lakini «mkoma» anabaki mkoma mpaka kaburini. Andika «mwenye ukoma», na kesho yake «aliyekuwa na ukoma».

Na ile nusu alama, Mwalimu, mrudishie mtoto. Mwongezee na nusu nyingine, kwa kukaa akiwa sahihi mbele ya ubao uliokosea.