Harusi ya Ujiji: panga kwa fedha iliyo mkononi

Dada yangu, umesema ahadi zimefika milioni 6, mkononi mna milioni 2 na laki 3, wageni 200, harusi ya mdogo wako Ujiji baada ya wiki saba, na kamati inataka kulipia ukumbi na mpambaji leo. Nakuomba uwazuie kwanza.

Mimi nilikuwa mweka hazina wa harusi ya binamu yangu hapa Kigoma. Tulipanga kwa ahadi, theluthi haikuja, na mama mzazi akahangaika kukopa mchele usiku wa kuamkia sherehe. Mpaka leo naumia nikiukumbuka uso wake.

Kwa hiyo anza na chakula, kwa hizo hizo milioni 2 na laki 3. Kilo moja ya mchele hutosha watu sita hivi. Chukua kilo 35. Kwa samaki wetu wa ziwani, mgebuka na dagaa, tazama mwezi angani kabla ya kuandika bei. Wavuvi wetu huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka samaki hawakusanyiki kwenye mwanga, basi sokoni bei hupanda. Dagaa wakavu wanunue mapema, siku za giza zisizo na mbalamwezi.

Ukumbi? Kama uwanja wa nyumbani unatosha, kodini turubai na viti. Mpambaji atasubiri michango. Wekeni siku ya mwisho ya kuchangia, wiki tatu kabla ya harusi, na kitakachoingia baadaye kiwe cha dharura tu.

Niambie ukumbi wanadai kiasi gani, tuhesabu pamoja.