Dodo ni njiwa, si jamaa ya mbuni

Sheikh wangu unouliza kama dodo, yule ndege mkubwa wa kisiwa cha Morisi alietoweka, ni jamaa ya mbuni kwa vile hakuweza kuruka, hapana, dodo ni njiwa kabisa, familia moja na hawa njiwa wanaookota makombo Forodhani na hata ninga wetu wa Pemba. Hilo la mbuni halikuanza kwako, Linnaeus mwenyewe, yule mtaalamu wa Sweden aliepanga viumbe kwa makundi, mwaka 1758 alimtia kundi moja na mbuni, mpaka 1848 wataalamu wawili wa Uingereza, Strickland na Melville, wakaangalia mifupa, kichwa na mguu, wakaona huyu ni njiwa tu, na baadae DNA ikathibitisha, jamaa yake wa karibu aliye hai ni njiwa wa Nicobar, visiwa vya Bahari ya Hindi upande wa Asia, ambae anaruka vizuri tu. Dodo alifika Morisi hakuna mnyama wa kumla, mbawa zikadumaa mwili ukakua. Waholanzi wakatia nanga 1598 na nguruwe na panya wakaingia, na yai lenyewe linatagwa chini, haikutimia hata miaka 100 dodo keshatoweka, inaniuma sana hii. Na yule ndege wa Réunion, kisiwa jirani ya Morisi, walomwita ndugu yake dodo, mifupa imeonesha ni kwarara, ndege wa mdomo mrefu uliopinda.