Prado 120 dizeli "haijawahi kufunguliwa injini"? Shusha sampu kwanza

Mkuu, hiyo "injini haijawahi kufunguliwa hata nati moja" uliyoiandika kwa furaha kuhusu Prado unayotaka kununua ndiyo imenifanya niache ugali mezani. Ingekuwa Prado ya petroli ningekupongeza. Kwa Prado 120 yenye D4D ya lita 3, injini 1KD, maana yake ni kwamba washa (pete ndogo) za shaba chini ya nozeli zinazopulizia dizeli ni zile zile ilizotoka nazo kiwandani, na gari yenyewe ni ya 2005. Usimpe huyo dalali hata nauli.

Nimesoma swali lako lote. Unataka kujua tofauti ya vizazi vya Prado, yaani 90, 120, 150 na hii mpya ya 250, na ipi inafaa kwa familia na barabara ya Makete. Nitafika huko. Tuanze na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

1KD ina nozeli nne. Kila nozeli imekalia washa ndogo ya shaba, kazi yake kuzuia moto wa kwenye silinda usipande juu. Washa ikichoka, gesi ya mwako inapenya pembeni ya nozeli, inaingia chini ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) na kukutana na oili. Oili inaungua, inakuwa masizi mazito, masizi yanashuka hadi kwenye sampu. Kule chini kuna chujio la wavu ambalo ndilo mdomo wa pampu ya oili. Masizi yanaganda pale kidogo kidogo, na wewe unaendesha, unapiga honi, unawapungia majirani. Siku wavu ukiziba, pampu inanyonya hewa. Ukichomoa stiki ya kupimia inakuonyesha oili imejaa, na kweli imejaa. Imejaa chini. Juu kwenye krenki na kwenye turbo hakuna kitu.

Haya nilielezwa Iringa na fundi aliyekuwa ameishika krenki yangu mkononi.

Gari niliyonunua mimi ilikuwa ndugu wa hiyo yako. Prado 120 dizeli, ilikuwa ya mradi, ilitoka na namba za DFP (za miradi ya wafadhili), ikauzwa mnadani, ikapita kwa mtu mmoja, ikafika kwa dalali. Viti vya ngozi, mbao kwenye dashibodi, ndani inanukia kama ofisi ya mkurugenzi. Nilipofika kuiona, injini ilikuwa tayari inaunguruma. Dalali akasema kaiwasha mapema "isikuchoshe bosi". Nikamshukuru! Mtu ananificha sauti ya asubuhi, na mimi namshukuru na kumnunulia soda.

Kwa sababu 1KD yenye washa zilizochoka inajitangaza yenyewe ikiwa ya baridi. Ukiwasha alfajiri inatetema, inagonga kama inatafuna kokoto, inatoa moshi kidogo, halafu ikipata joto inatulia na kuwa mtoto mpole. Wiki ya kwanza nyumbani niliisikia. Nikaipeleka kwa fundi, na fundi nilipewa na nani? Na dalali yule yule. Akafungua boneti, akasikiliza huku kafumba macho kama daktari bingwa, akasema: "D4D zote zinaongea hivyo asubuhi, hiyo ni sauti ya dizeli." Nikalipa pesa ya kuambiwa hivyo.

Tukabadilisha oili. Baada ya muda mfupi tu ilikuwa nyeusi tii tena, nzito, ukiishika vidoleni unahisi chenga. Fundi: "Dizeli ndivyo zilivyo." Huyu bwana angeona nyumba inaungua angesema nyumba ndivyo zilivyo.

Sasa sikiliza sehemu iliyonigharimu, maana hapo nyuma bado ningeweza kupona kwa pesa ndogo. Tulikuwa safarini kwenda Mbeya, familia nzima ndani. Tukiwa tunapita hifadhi ya Mikumi, mwendo wa polepole, watoto wanahesabu swala, taa nyekundu ya oili ikapepesa kwenye dashibodi. Nikikanyaga mafuta inazima. Nikipunguza inapepesa tena. Nikasimama baada ya kutoka hifadhini, nikachomoa stiki: oili ipo, imejaa kabisa. Nikampigia fundi. Hakufikiri hata sekunde moja. "Hiyo swichi ya oili imekufa, bosi. Ukifika Iringa nunua nyingine, elfu kadhaa tu. Twende kazi."

"Twende kazi." Yeye alikuwa kakaa kwenye benchi gerejini. Kazini nilienda mimi.

Ingekuwa nimezima pale pale na kuita gari ya kuvuta, hasara yangu ingekuwa kushusha sampu, kusafisha chujio, washa nne za shaba na oili mpya. Pengine na beringi zilizokwaruzika. Badala yake tukaendelea. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, mke wangu akachagua vizuri kabisa, tulivirundika nyuma. Halafu mlima wa Kitonga.

Walioipanda Kitonga wanajua. Gia ndogo, mzigo, malori mbele na malori nyuma, kona baada ya kona. Injini inadai oili nyingi kuliko wakati wowote, na pampu yangu inanyonya kupitia tundu lililobaki kama la sindano. Taa ikawaka, safari hii haikupepesa. Turbo ikaanza kupiga mluzi. Kisha tukasikia ngo, ngo, ngo, na injini ikanoki pale pale kwenye kona, lori la mafuta likiwa nyuma yetu linapumua. Mtoto wangu mkubwa akauliza, "Baba, hiyo nayo ni swichi?" Hadi leo kwenye vikao vya ukoo nikisimama kuongea lazima mtu aulize kuhusu swichi. Chekeni tu, nimeshazoea.

Iringa waliposhusha sampu, chujio lilikuwa limefunikwa na kitu cheusi, kigumu, huoni hata tundu moja la wavu. Krenki imeliwa, beringi zimejisokota, shafti ya turbo inacheza. Nilinunua injini nyingine ya mtumba, na kwa pesa iliyotoka pale ningepata kiwanja Kigamboni. Vitunguu vilifika salama.

Kabla hajaja mtu kusema natukana Toyota: gari ilikuwa inadai washa nne. Iliomba kwa sauti kila asubuhi, ikaandika kwenye oili, mwisho ikawasha taa nyekundu. Hasira zangu ni kwa watu wawili tu, yule aliyeipasha moto kabla sijafika na yule aliyesema swichi. Na wewe mchangiaji wa juu uliyeandika "Prado haifi, chukua ufumbe macho", wewe ni wa tatu.

Haya, vizazi vyenyewe, maana umeuliza.

Prado ilitokana na toleo jepesi la Land Cruiser 70 la miaka ya 1980, lenye springi za koili badala ya majani. Jina Prado likaja 1990. Ile ilikuwa gari ya kazi iliyovalishwa tai. Mwaka 1996 ikaja 90, na hapo ndipo mambo yalipobadilika: mbele wakaondoa ekseli nzima wakaweka sespensheni huru, ikaanza kutembea kama gari ya mtu na siyo trekta ya misheni. Nyingi za dizeli utakazokutana nazo zina injini ya 1KZ. Hiyo ugonjwa wake ni joto na kupasuka silinda hedi, kwa hiyo angalia rejeta na maji kwanza. Hizo 90 ngumu bado zipo vijijini, zinabeba viazi na maharusi bila kulalamika.

120 ya 2002 ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho yangu, na nasema hivyo pamoja na yaliyonikuta. Umbo lake lilichorwa kwenye studio ya Toyota iliyoko Ufaransa. Chesisi ya ngazi bado ipo, inavuta magurudumu manne muda wote, ina gia nzito ya kufungia tope, lakini ndani imekuwa sebule. Makete ukienda nayo wakati wa mvua unafika na shati jeupe. Injini za petroli utakazokutana nazo zaidi ni 2.7 na V6 ya lita 4, na dizeli inayojulikana zaidi ni hiyo 1KD. Kumbuka pia 1KD ina taimingi belti, na dalali akikwambia "ilishabadilishwa" muombe akuonyeshe lini na kwa kilomita ngapi. Wakati huo huo mwambie ashushe sampu.

150 ilitoka 2009 ikakaa sokoni hadi 2023, ikifanyiwa marekebisho ya sura mara mbili kubwa, 2013 na 2017. Umbali wa ekseli ni ule ule wa 120, milimita 2,790, kwa hiyo usitegemee miujiza ya nafasi. Starehe ndiyo imeongezeka, na za gharama zina KDSS, mfumo wa haidroliki unaokaza au kulegeza stabilaiza (chuma kinachozuia gari isilale upande) kutegemea kona na mashimo. Raha sana ikiwa nzima. Ukiikuta gari imesimama tambarare lakini imeinama upande mmoja, ondoka taratibu bila kuaga.

Kwa dizeli za 150 kuna jambo madalali hawalisemi. Japan waliacha kuuza Prado ya dizeli nchini kwao 2007, wakairudisha 2015 na injini mpya ya 2.8, 1GD. Hivyo mtu akikuonyesha "dizeli ya Japan ya 2012", haikuuzwa huko. Muulize ilitokea soko gani. Na hizo za Japan za 2015 kuja juu zinatumia maji ya urea pamoja na kichungi cha masizi kwenye ekzosi. Kichungi hicho kinahitaji safari ndefu ya mwendo ili kijichome na kujisafisha. Kama maisha yako ni Mbezi hadi Posta kwenye foleni, kitakusumbua. Australia walifikishana hadi mahakamani kuhusu vichungi hivyo kwa Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa kati ya 2015 na 2020. Siyo mimi niliyeanzisha.

250 ilizinduliwa Agosti 2023. Imekuwa ya pembe pembe kama za zamani, imekalia jukwaa moja na Land Cruiser 300, umbali wa ekseli umefika milimita 2,850, usukani ni wa umeme, na mlango wa nyuma sasa unafunguka kwenda juu badala ya pembeni. Marekani inaitwa Land Cruiser tu. Nzuri mno, na wewe na mimi tutaipiga picha ikipita.

Sasa turudi kwa hiyo ya kwako, maana umesema mwenye gari anataka advansi kesho.

Nenda alfajiri bila kutoa taarifa, au ukitoa taarifa, fika na uweke kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi nyumbani ukanywe chai. Ikiwa ya baridi, iwashe mwenyewe na usikilize. Fungua kifuniko cha kumiminia oili ikiwa inaunguruma. Ikipumua moshi kwa mapigo, fu fu fu, umepata jibu. Nusa stiki. Ikinuka dizeli, au kiwango kimepanda juu ya alama wakati hakuna aliyeongeza oili, umepata jibu la pili.

Lakini hata vyote hivyo vikipita salama, sampu ishuke. Sampu ya chini ya 1KD ni sahani ya bati inayotoka bila kushusha injini. Asipotaka kabisa, kuna kamera ndogo za waya zinazounganishwa na simu: mwaga oili, pitisha kamera kwenye tundu la nati ya kumwagia, tazama wavu. Mwenye gari hana sababu ya kukataa, gharama zote unalipa wewe. Akikataa hata hivyo, ujue ameshautazama.

Wavu ukiwa msafi, nunua, na kabla hata ya kuibatiza jina badilisha washa zote nne na sili za nozeli, uanze hesabu yako upya. Ukiwa na tabaka jembamba, kata bei ya kazi hiyo na uifanye kabla gari haijatoka Dar. Ukiwa umefunikwa, mwachie gari yake.

Na fundi mtafute wewe. Asiwe wa dalali, asiwe "kijana wangu wa siku zote" wa mwenye gari. Mlipe siku nzima hata akifanya kazi saa mbili. Akimaliza, piga picha ya wavu kwa mwanga mzuri uiweke hapa, wapo mafundi humu jukwaani watakusomea bure kabla hujagusa kitufe cha kutuma pesa.