Jibu kwa mleta uzi: Hope na Calvin nenda, ila usisubiri mpaka Jumamosi

Mkuu mleta uzi, umesema umefika Grand Rapids, Michigan, mwezi wa nane kwa masomo, familia mwenyeji wako imekualika Jumamosi hii mwende mji wa jirani wa Holland kutazama vyuo vya Hope na Calvin wakicheza kikapu, na wewe unajiuliza kama kuna haja ya kuingia barabarani kwenye theluji kwa ajili ya, nanukuu, "vyuo vidogo visivyo na hata mtu mmoja wa kufika NBA". Wadau watatu hapo juu wamekushauri ulale. Mimi nimeishi Grand Rapids miaka sita kabla ya kurudi Moshi, mechi hiyo nimeitazama kwa hawa na kwa wale, na nakwambia nenda. Tena leo ni Jumanne, kwa hiyo ulishaanza kuchelewa.

Hilo la NBA tulimalize haraka. Vyuo hivyo viko daraja la tatu la NCAA, shirika la michezo ya vyuo Marekani, ambako hakuna mwanafunzi anayelipiwa ada kwa kuwa anajua kurusha mpira. Wamewahi kutoka watu huko: Devean George alitoka Augsburg, chuo kidogo cha Minneapolis, Lakers wakamchukua 1999 na akavaa pete tatu za ubingwa. Lakini hao ni wa kuhesabu kwa vidole na vidole vitabaki. Kijana utakayemwona Jumamosi akipiga pointi tatu, Jumatatu ana mtihani wa uhandisi au zamu ya mafunzo ya uuguzi. Ukienda kutafuta nyota utarudi na baridi tu.

Sasa kinachojaza ukumbi ni nini? Wengi humu wamekimbilia Simba na Yanga. Sikubaliani nao. Mfano unaofaa ni kwaya. Mimi nimekulia Machame, usharika wetu ulikuwa na kwaya mbili, na mtu yeyote aliyekulia kwenye usharika wa kwaya mbili anajua ninachosema. Mnasali kanisa moja, mnazikana, mnachangiana harusi, dada yako yuko kule na wewe uko huku. Ikifika wiki ya mashindano ya kwaya, mama anapika chakula kimoja lakini mezani hakuna anayemwangalia mwenzake usoni.

Hope na Calvin ni hivyo hivyo. Wote ni watoto wa Waholanzi wa Kikristo waliohamia Michigan. Mji wa Holland ulianzishwa 1847 na mchungaji Albertus van Raalte na watu wake. Miaka kumi baadaye, 1857, kundi moja likajitenga na kuanzisha kanisa lake. Waliobaki ndio walioanzisha Hope, iliyosajiliwa 1866. Waliojitenga wakaanzisha Calvin 1876, Grand Rapids. Umbali kati yao ni kama kilomita 50, na majina ya ukoo ni yale yale pande zote mbili, Van huyu na De yule. Kila chuo kina wanafunzi elfu tatu na ushee. Wanaume wao walianza kukutana kwenye kikapu 1920 na mechi zimeshapita 200. Mtu anakuwa na baba aliyesoma Hope, mama aliyesoma Calvin, na shangazi ambaye hajasema hadharani yuko upande gani tangu aolewe.

Hata jina la Calvin lina utani wake. Wanaitwa Knights, yaani mashujaa wa farasi na mikuki. Wenyewe husimulia kwamba watu waliwaita "Calvinites", wafuasi wa John Calvin, mwanamageuzi wa kanisa, mwandishi wa gazeti akasikia vibaya akaandika "Calvin Knights". Chuo cha kanisa kikajikuta na askari mwenye upanga kwa sababu ya sikio la mwandishi.

Nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha samani za ofisi. Mwaka wa kwanza sikuelewa kitu. Februari moja nikaona msimamizi wetu wa zamu, mzee mpole asiyepaza sauti hata mashine ikiharibika, amekata kipande cha boksi na kukibandika juu ya meza yake. Amechora msimamo wa ligi kwa kalamu ya risasi. Jumatatu hiyo aliufuta na kuuchora upya mara tatu.

Baadaye akanielekeza, na hapa ndipo nilipokamatwa. Ligi yao inaitwa MIAA, ipo tangu 1888. Mnacheza na kila timu nyumbani na ugenini, Jumatano na Jumamosi. Msimu ukiisha, timu za juu zinaingia mashindano ya ligi, na mwenye nafasi ya juu ndiye anayechezea kwake. Bingwa wa mashindano hayo anakwenda moja kwa moja kwenye ngazi ya taifa, timu 64. Asiyekuwa bingwa anakaa kusubiri kupangiwa kwa rekodi yake, na kusubiri huko mzee alikufananisha na kusubiri majibu ya hospitali. Kwa hiyo Februari mechi moja ina uzito wa mambo matatu kwa pamoja: heshima ya mwaka, nafasi ya kuchezea nyumbani, na rekodi ya kuokoka ukifungwa baadaye. Halafu usidhani ni wao wawili tu. Trine, chuo cha Indiana kilicho ligi hiyo hiyo, kilichukua ubingwa wa taifa wa daraja la tatu 2024. Ndiyo maana mzee alikuwa anafuta. Kila akifika kwenye mistari ya Trine, kalamu inasimama.

Mzee alikuwa Calvin. Kwenye idara ya kupaka rangi palikuwa na mama mmoja wa Hope, mtu wa maneno. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa wakati wa chai ilikuwa ni wao. Mzee anaanza na vikombe: Calvin wanaume wamechukua ubingwa wa taifa 1992 na 2000, Hope wanaume sifuri. Walifika fainali 1996 wakafungwa, wakarudi 1998 wakafungwa tena. Anasema hivyo taratibu, huku anapuliza kahawa. Mama anamwacha amalize. Kisha anamuuliza kama mabinti si watu. Hope wanawake wana vikombe vitatu: 1990, 2006 na 2022. Hicho cha 2022 alikisema kama mtu anayeweka pesa taslimu mezani, kwa sababu mashindano ya taifa ya 2020 yalikatishwa na korona katikati, ya 2021 hayakufanyika kabisa, na timu yao miaka hiyo ilikuwa moto. Mzee hakuwahi kupata jibu la hapo. Alikuwa anahamia 1997.

Hiyo 1997 utaisikia mpaka uichoke. Mechi yao ilihamishiwa Van Andel Arena, ukumbi mkubwa wa katikati ya Grand Rapids, na watu 11,442 wakaingia. Kumbuka ni daraja la tatu, vyuo ambavyo wanafunzi wao wote wakijumlishwa hawafiki idadi hiyo. Kila mzee wa mji ule anadai alikuwepo. Mimi nimeshakutana na wanaodai kuwepo wa kutosha kuujaza ukumbi ule mara mbili.

Kwa hiyo ndugu yangu, mechi yenyewe inachukua muda wa saa mbili tu. Utamu uko kwenye hizi siku nne. Kesho jioni kaa na hao wenyeji wako na uwaulize swali moja tu: nani katika ukoo wenu amesoma upande wa pili? Zima simu. Hutahitaji swali la pili.

Sasa nikwambie yaliyonipata mimi ili yasikupate.

Mwaka wa pili mzee akanipa tiketi mbili. Nikamchukua jirani yangu, mzee wa Kikongo kutoka Bukavu, tuliyemwita Papa. Grand Rapids ina Wakongo wengi, na Kiswahili utakisikia dukani na kanisani, usishangae. Tukatoka Jumamosi saa sita mchana, mechi saa tisa. Barabara ya I-196 ilikuwa safi mpaka tulipokaribia Holland. Upepo ukivuka Ziwa Michigan unachota unyevu, ukifika nchi kavu unaumwaga wote kama theluji, na Holland imekaa pale pale pa kumwagiwa. Ghafla tukawa tunaona taa za gari la mbele tu. Papa akakunja mikono, akaanza kuimba tenzi polepole. Kilomita za mwisho tulikwenda kwa mwendo wa maandamano.

Tukafika mjini, kituko kingine: theluji kila mahali, lakini njia za watembea kwa miguu katikati ya mji ni kavu kabisa. Kumbe wamelaza mabomba chini, maji ya moto yanayotokana na kuzalisha umeme yanapita humo na kuyeyusha. Papa akainama akagusa sakafu kwa kiganja, akaniambia nimpige picha.

Kosa langu lilikuwa koti. Koti langu zito lilikuwa la mtumba, la rangi ya chungwa, na nililinunua kwa sababu lilikuwa na manyoya ndani na bei ya chini. Hope ni bluu na chungwa. Calvin ni damu ya mzee na dhahabu. Tiketi za mzee zilikuwa katikati ya ndugu zake, familia nzima ya Calvin, safu mbili. Nikaingia nimewaka kama taa ya tahadhari. Hakuna aliyenitukana, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Walitabasamu. Bibi mmoja akanisogezea biskuti akaniuliza kama nimepotea. Kuvua siwezi, ndani nina fulana ya mikono mifupi. Upande wa pili wanafunzi wa Hope, kundi linalojiita Dew Crew, wakaniona, wakaanza kuninyooshea vidole na kunishangilia, shujaa aliyejipenyeza kambi ya adui. Msimamizi wangu alikuwa anatazama dari.

DeVos Fieldhouse, ule ukumbi wa Hope, ulifunguliwa 2005 na unachukua watu elfu tatu na mia kadhaa. Udogo wake ndio unaotisha. Hakuna kona ambayo kelele inaweza kwenda kupumzika. Kule kwa Calvin, Van Noord Arena, wanaingia kama elfu tano na una nafasi ya kupumua. Hapa unasikia kocha anavyomwita mchezaji, unasikia viatu, mtu akipiga mitupo huru unasikia anavyovuta pumzi, kisha husikii tena kitu.

Nusu ya kwanza sikuifurahia, nilikuwa najificha. Nusu ya pili nikasahau koti. Mchezo wao hauna madoido: pasi nyingi, ukabaji wa kuumiza, mtu anajitupa sakafuni kufuata mpira unaotoka nje. Dakika za mwisho tofauti ilikuwa kikapu kimoja, na bibi wa biskuti alikuwa amenishika mkono bila kujua ni mkono wa nani. Calvin walikosa rebaundi moja, wakamfanyia faulo mtu asiyekosa mitupo huru, na ikaishia hapo. Papa hakuwa na upande. Alikuwa anatazama watu waliokuwa wakishuka uwanjani. Wa damu ya mzee na wa chungwa walikuwa wanakumbatiana, wanaulizana habari za watoto, mtu anamkabidhi mwenzake bakuli lake alilolisahau Krismasi. Akaniinamia: "Kumbe bale bote ni famille moja?" Nikamwambia ndiyo. "Sasa balikuwa banagombana nini?" Nikaanza kumweleza habari za 1857, akanisimamisha kwa mkono. Kwao pia kanisa lilishagawanyika, alisema, na hata mpira haukuwepo wa kupatanisha.

Mambo ya kujiandaa, kwa ufupi. Usitegemee tiketi mlangoni. Hakikisha wenyeji wako wanazo tayari. Tokeni mapema, theluji ya ziwa haina miadi, na mkiwahi mnatembea kwenye zile njia za moto mkanywe kitu. Waombe wakufikishe angalau wakati timu zinapasha misuli, maana wanafunzi wa nyumbani huanza kazi yao hapo. Kama mechi ya wanawake ipo siku hiyo, usiikose. Kwa miaka hii mara nyingi ndiyo yenye kikapu kizuri zaidi, na nimeshapigana na watu kwa kusema hivyo.

Na kabla hujajibu, mkuu, tuambie kitu kimoja. Hao wenyeji wako ni wa upande gani, na koti lako la baridi ni rangi gani?