Kabla hujaiita ngano yako "inavumilia chumvi"

Miche yangu ya kwanza ilikufa yote ndani ya siku nne, ngano ya kawaida na ile chotara niliyoambiwa haisumbuliwi na chumvi, zote chali. Nakumbuka vizuri ile asubuhi nilipofungua mlango wa banda kule Haryana, India, nikakuta majani yamejisokota kama uzi. Nilikuwa nasoma masters, natokea bondeni huku chini ya Moshi ambako ardhi ya magadi tumekua nayo, na nilienda kule nikiwa na kiu moja tu, nijue ngano inawezaje kuzaa mahali ambapo mahindi yetu yanageuka njano yakiwa ya magotini. Sasa kwa vile kuna wadogo zangu wengi wanaanza majaribio ya namna hii na kila siku naulizwa maswali yale yale, acha niandike yote hapa.

Kosa langu lilikuwa hili: nilipima chumvi karibu gramu 9 kwa kila lita ya maji, hiyo ni milimoli 150, nikamimina yote siku moja. Shambani mmea haukutani na kitu kama hicho, chumvi inapanda polepole kadiri udongo unavyokauka, mizizi nayo inajipanga. Ukimimina kwa mpigo maji yanatoka kwenye seli za mzizi kwenda nje badala ya kuingia, kwa hiyo kilichoua miche yangu ni kiu, wala sodiamu iliyomo kwenye chumvi ilikuwa haijapata muda wa kufanya lolote. Kulikuwa na mzee mmoja fundi wa maabara, sote tulimwita Uncle, akaipindua poti moja kwenye kiganja chake, akatikisa kokoto, akanionyesha mizizi imelegea kama tambi zilizopitiliza kwenye maji. Hakunigombeza. Akauliza tu, "Kalsiamu uliweka?" Sikuweka.

Basi shika hili kabla ya mengine yote. Ongeza chumvi kidogo kidogo, milimoli 25 asubuhi na 25 jioni mpaka ufike unapopataka, na kila unapoongeza sodiamu ongeza na kalsiamu, mi nilikuja kutumia uwiano wa 15 kwa 1. Bila kalsiamu utando wa seli za mzizi unapoteza uwezo wa kuchagua nini kiingie nini kibaki nje, ukija kupima utadhani unapima uvumilivu wa chumvi kumbe unapima njaa ya kalsiamu. Na weka poti zisizo na chumvi za kila aina ya mbegu, siyo za aina moja, maana kuna ngano ambayo kwa asili yake ni fupi na nyembamba, ukiiona kwenye chumvi utasema imeumia wakati ndivyo ilivyo.

La pili linahitaji subira. Chumvi inaumiza ngano kwa awamu mbili, mtafiti Rana Munns wa Australia alilieleza hili vizuri sana na mimi nimeliona kwa macho yangu. Kwanza ni ule ugumu wa kuvuta maji, majani mapya yanatoka madogo, machipukizi ya pembeni yanapungua, na hapo karibu ngano zote zinafanana, ile ngumu na ile dhaifu. Baadaye ndiyo sodiamu inajaa kwenye majani ya zamani, unaona ncha inaungua, inashuka taratibu kwa ukingo mpaka jani zima linakuwa kama karatasi ya kaki, na hapo ndipo zinatengana. Sasa mtu anafanya jaribio la siku kumi anaandika "hakuna tofauti kati ya aina", jamani, hujafika kwenye tofauti! Kama muda haupo, usitegemee macho, chukua jani la tatu, lihesabie siku 10 tangu lichomoze, likaushe, pima sodiamu na potasiamu kwenye fotomita ya moto, kile kifaa kinachosoma madini kwa rangi ya mwali. Jani la tatu kwa kila mche, usichanganye, maana jani la kwanza lina sodiamu nyingi kwa sababu tu ni zee.

Na hilo jani la tatu ndilo litakufungulia habari ya ndugu wa porini. Ngano ya mkate ina kromosomu 42, yaani imejengwa na mafungu matatu, A, B na D, na fungu D ilipewa na nyasi ya porini inaitwa Aegilops tauschii. Ngano ya makaroni, durum, ina 28 tu, haina D, na ndiyo maana kwenye chumvi inaumia zaidi, kwa sababu kwenye kromosomu ya 4D kuna sehemu inaitwa Kna1 inayosaidia kuzuia sodiamu isipande kwenye majani huku potasiamu ikipita. Nilipopima mara ya kwanza nikaona durum ina sodiamu mara kadhaa ya ngano ya mkate nilirudia kipimo nikidhani nimekosea.

Halafu Waaustralia wakaikuta durum moja isiyofanana na wenzake, sodiamu kwenye majani iko chini kabisa. Kuchimba chimba wakakuta ukoo wake una damu ya ngano ya kale, Triticum monococcum, iliyopandanishwa miaka ya nyuma na mtu aliyekuwa anatafuta kinga ya ugonjwa wa kutu, hakuwa anawaza chumvi hata kidogo. Jeni zenyewe zikaitwa Nax1 na Nax2. Kazi yake ni kunyonya sodiamu kutoka kwenye mishipa inayopandisha maji na kuirudisha ibaki chini kwenye mizizi. Wakaiingiza Nax2 kwenye durum ya kibiashara inaitwa Tamaroi kwa kupandanisha kawaida, na matokeo waliyotoa 2012 yalionyesha kwenye shamba lenye chumvi nyingi mavuno yamezidi kwa asilimia 25 ukilinganisha na ile isiyo na jeni. Mimi hii habari inanigusa kila nikiisoma, kwa sababu mbegu ile ingetupwa baada ya kazi ya kutu kuisha leo tusingekuwa na kitu. Kwa hiyo wewe unayefanya kazi na mbegu za porini, usitupe kifuko, andika lebo mbili, moja ndani moja nje, kwa penseli siyo kalamu ya wino maana wino unafutika na unyevu.

Chotara za moja kwa moja nazo zinavutia, ila ziendee kwa akili. Kuna nyasi ndefu za jamii ya Thinopyrum ambazo zinaota hata kwenye vinamasi vya chumvi, na kule Davis, California, Jan Dvořák na wenzake walifanya kazi kubwa na chotara la ngano ya Chinese Spring na Thinopyrum elongatum, lina kromosomu 56, 42 za ngano na 14 za nyasi, na linavumilia chumvi kuliko ngano mama. Ukisikia hivyo unataka kukimbia nalo shambani. Ngoja kwanza. Kromosomu 14 zinakuja na mizigo yake yote, suke gumu kupura, punje nyembamba, kuchelewa kukomaa. Niliwahi kukaa na masuke ya chotara la namna hiyo mezani nikayasugua kwa viganja mpaka ngozi ikawaka moto na punje zilizotoka hazijai kijiko. Kazi ndefu ni kulipandanisha tena na ngano mara nyingi mpaka ubaki na kipande kidogo unachokitaka, hiyo ni miaka, siyo semista.

Wahindi walipita njia nyingine na mimi naiheshimu sana. Wakulima wa Rajasthan walikuwa na ngano yao ya asili, Kharchia, inayoota kwenye udongo wa chumvi, ila ni ndefu, inaanguka, mavuno kidogo. Taasisi ya utafiti wa udongo wa chumvi iliyoko Karnal ikachukua Kharchia 65 ikapandanisha na WL 711, ngano fupi yenye mavuno, ikatoka KRL 1-4. Yaani jibu lilikuwa kwenye magunia ya wakulima siku zote.

Haya, sasa nije nyumbani maana ndipo nilipojifunza kitu ambacho maabara haikunifundisha. Baba alinipigia, "Mama, hiyo ngano ya chumvi utaniletea lini?" Nikamwambia Baba, kwanza bonde letu lina joto, ngano inataka baridi ya kule West Kilimanjaro, ila hata kabla ya hapo nitumie udongo. Ule udongo nikautia kwenye chupa na maji ya mvua, nikatikisa, nikaacha. Kesho yake asubuhi maji bado yalikuwa kama chai ya maziwa. Chumvi ya kawaida ikiwa nyingi udongo unatuama na maji juu yanakuwa maangavu, huu ulikuwa umevunjika vumbi vumbi na kukataa kutuama. Tukapima, EC, yaani kipimo cha chumvi iliyoyeyuka, ilikuwa ndogo, na pH, kile kipimo cha uchachu, 9.4. Magadi yenyewe! Ngano inaanza kupunguza mavuno EC ya udongo ikivuka kama 6 (desisiemens kwa mita), sisi tulikuwa mbali kabisa na hapo, shida yetu ilikuwa sodiamu iliyoshika udongo ukawa mgumu kama sakafu, maji hayashuki, mzizi haupumui. Mzizi ukikosa hewa hata ile ngano yenye jeni nzuri inashindwa kuzuia sodiamu, kwa hiyo mbegu ningebeba kutoka India bure.

Kwa hiyo pima EC na pH vyote viwili, na kama umepima EC kwa kuchanganya udongo kipimo kimoja na maji vitano usiichukue namba hiyo ukailinganisha na 6, ile 6 ni ya maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tope, namba yako lazima uizidishe kulingana na aina ya udongo, mfinyanzi na kichanga haviendi sawa. Watu wengi wanateleza hapo.

Sisi tulianza na mtaro. Jasi, madini yenye kalsiamu, inachimbwa Makanya, hapo hapo Same, kwa hiyo siyo mbali, ila ukiweka jasi bila mtaro kalsiamu yake inaitoa sodiamu kwenye udongo halafu hiyo sodiamu haina pa kwenda. Tumechimba upande wa chini wa shamba, tumemwaga jasi kwenye robo eka ya kwanza, tumefungulia maji, na Baba amepanda mpunga humo kwanza maana kwenye magadi yenye maji yaliyosimama mpunga unajitahidi kuliko mahindi. Juzi kanitumia picha ya chupa, udongo wa ile robo eka kwenye maji, umetuama chini na juu unaona kidole chake ng'ambo ya pili.